Timu Iliyosalimiana Uwanjani

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mpira mmoja, filimbi iliyotoa upepo bila mlio, na wasichana kumi na tisa, watatu kati yao wakiwa na watoto mgongoni. Afisa aliyenikabidhi alisema, "Mwalimu Skola, wewe ni mkali, watakusikiliza." Hakuuliza kama naujua mpira. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza hapa Kasulu, na mpira nilioujua ni ule uliokuwa ukivunja vioo vya ofisi yetu. Nikakubali, kwa sababu mtumishi wa serikali haulizi sana, na kwa sababu, niseme kweli, nilipenda kuambiwa kwamba mimi ni mkali.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoshika timu za wasichana sasa. Mna koni za plastiki, mna video kwenye simu, mna kozi za wiki mbili zenye chai na maandazi. Habari za vyeo na barua za pongezi nitaziacha, hazijamfundisha mtu kupiga kona. Nataka kuwaeleza jambo moja tu lililonichukua miaka kulielewa: namna timu inavyoweza kutulia hata inapodhulumiwa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Bukuru, mtunza uwanja. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, na siku hizi yeye ni raia mwenye kitambulisho anachokitoa mfukoni hata asipoombwa. Ujanani alikuwa golikipa, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji mpaka leo. Alinionyesha kukata madumu ya mafuta na kuyajaza mchanga yawe koni. Alinionyesha kuchora mistari kwa majivu ya jikoni chokaa ikikosekana, na kupaka njumu mafuta ya mawese ili ngozi isipasuke kiangazi. Mawese yalifanya kazi vizuri, ila kuanzia saa tisa mchana chumba chetu cha kubadilishia nguo kilinuka kama kuna mboga jikoni.

Kwenye karatasi timu iliitwa Milima Queens. Mashabiki wa Kibondo, walipotuona mara ya kwanza tukishuka kwenye lori na vikapu vyetu vya chakula, walituita Mihogo. Wasichana walikasirika wiki moja, wiki ya pili wakaanza kujiita hivyo wenyewe.

Nahodha alikuwa Perusi, kiungo, binti wa Heru Juu. Alikuja mazoezini kwa miguu akitoka shambani, na mara nyingine nilimkuta ananawa udongo wa mihogo kwenye bomba la shule kabla ya kuvaa jezi. Mama yake, mjane, hakuupenda mpira hata chembe. Aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu, nakuazima. Sikupi." Golini alikuwa Zuhura, binti wa duka la vitenge pale mjini, mrefu, mwenye mtandio uliofungwa kwa pini nne na ulimi uliofanana na wangu. Hao wawili ndio walikuwa timu. Wengine nao walikuwa wazuri, lakini hao wawili wakikohoa, wote walikohoa.

Mechi yetu ya kwanza ya maana tulicheza na timu ya Buhigwe. Tulikuwa hatujafungwa, na zilibaki kama dakika kumi. Perusi akamkanyaga kiungo wao, mwanamke mtu mzima aliyemzidi umri kwa mbali, na yule mama akaanguka akishika kifundo cha mguu. Refa hakupuliza, akaashiria mchezo uendelee maana mpira ulikuwa kwa Buhigwe. Perusi hakuona ishara. Aliona mtu mzima yuko chini na yeye ndiye aliyemwangusha. Akainama, akakunja magoti, akapiga makofi polepole akimwomba radhi kwa Kiha, kama alivyolelewa. Yule mama naye, akiwa bado chini anaugulia, akapiga makofi akamjibu. Wakati wawili hao wanamalizana kwa adabu hiyo, mpira ulipita mahali ambapo Perusi alipaswa kuwa, ukaingia golini kwetu.

Kwa msomaji asiyetujua: sisi Waha hatusalimiani kwa kupungiana mikono. Unainama kidogo, unapiga makofi, unauliza alivyoamka, walivyoamka watoto, hali ya shamba. Naye anakupigia makofi, anajibu, kisha anaanza kukuuliza wewe. Makofi hayo hayo ndiyo ya kushukuru, na ndiyo ya kuomba radhi. Ukipigiwa, huwezi kukaa kimya. Mtoto wa miaka mitatu anajua hilo.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nikawapanga wasichana kwenye mstari nikawaambia, "Kuanzia leo, heshima iacheni nje ya majivu! Ukivuka mstari huu huna shangazi, huna mama mkubwa, huna mtu wa kumpigia makofi. Una mpira tu." Zuhura akasema, "Sawa, kocha!" kwa sauti ya juu. Perusi alisema sawa kwa sauti ya chini. Nilijiona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Na ilifanya kazi, hilo ndilo lililonidanganya. Tukawa wagumu. Tukaanza kushinda. Pia tukaanza kupata kadi za njano kama watu wanaogawiwa karanga, na wasichana waliokuwa wakisalimia hata mbuzi njiani wakajifunza kumtazama mpinzani kuanzia miguuni kwenda juu. Mzee Bukuru alikuwa akikaa kwenye dumu lake akitikisa kichwa. Nilidhani anasikitikia nyasi.

Kisha tukaenda Kibondo. Nitaeleza kwa ufupi kwa sababu bado naona aibu. Tulikuwa sare ya bao moja kwa moja, watu wamejaa mpaka kwenye mstari, maneno ya "Mihogo mibichi!" kila tulipogusa mpira. Kwenye kona moja mshambuliaji wao namba tisa aliruka na Zuhura, na aliposhuka alishuka na mtandio wake mkononi. Sijui kama alikusudia. Zuhura hakusubiri kujua, alimzaba kofi. Perusi akafika mbio, nikashukuru moyoni nikidhani anakwenda kuamua, kumbe alikwenda kuongeza. Baada ya hapo sikuweza kutofautisha jezi na jezi. Refa alivunja mechi, na sisi tukarudi Kasulu ndani ya lori bila wimbo hata mmoja, Perusi akiwa na mdomo uliovimba.

Wazazi waliitisha kikao Jumapili, kwenye darasa langu, wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwafika kifuani. Mama Zuhura, ambaye kwao ni Tanga na hajaacha kuongea kama kwao, alianza: "Mwalimu, mwanangu kavuliwa mtandio mbele ya kaumu ya watu, nawe wanambia ni mchezo? Mchezo gani huu wa kuvuana nguo?" Mama Perusi alingoja wote wamalize. Kisha akasema polepole, "Nilikuazima binti anayepigia watu makofi. Umenirudishia anayepiga watu makofi. Huyu mimi simjui."

Walitaka kuivunja timu siku ile ile. Niliomba, nikaahidi, na nafikiri niliapa pia. Mwishowe wakakubali msimu mmoja kwa sharti. Nililiandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko wa ubaoni, na sote tukatia sahihi: yeyote wa timu hii atakayeanzisha ugomvi uwanjani ameaga, harudi; na wakipigana tena kama walivyopigana, timu imekufa. Mama Perusi alitia dole gumba, akalitazama dole lake, akasema, "Mimi nitakuja kuangalia mwenyewe."

Wazazi walipoondoka nilimkuta Mzee Bukuru anachekecha majivu. Nikamwambia sijui nitawatulizaje watu wenye damu ya moto namna ile. Akasema, "Hawana damu ya moto, Mwalimu. Umewanyang'anya mikono."

"Mikono gani?"

"Ya salamu. Umeshaona Muha akitukana katikati ya salamu? Salamu zetu ndefu, yewe! Mpaka uulize mtoto, uulize mbuzi, uulize maharage, ukifika mwisho tusi lenyewe umelisahau. Wewe umewaambia waziache nje. Sasa ndani wamebaki na nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye achekeche majivu, mpira aniachie mimi. Kesho yake nilimpelekea sukari kilo moja nikakaa kwenye dumu jingine, tukaanza kupanga.

Huu ndio utaratibu tuliotengeneza, na mnaweza kuuchukua bure. Mpira ukiwa hai, heshima ni kukimbia, hakuna makofi. Refa akipuliza, mpira ukafa, na sisi tumeonewa au tumeudhika, mchezaji aliye karibu na tukio anageuzia mgongo tukio lenyewe na kuwatazama wenzake. Anainama, anapiga makofi matatu ya polepole, anasema, "Mwidiwe," salamu yetu ya Kiha. Wote wanajibu kwa makofi. Kisha anauliza jambo la nyumbani, na mmoja anamjibu. Basi, kila mtu anarudi nafasi yake. Hayazidi muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu.

Kila Jumatano niliifanya siku ya dhuluma. Nilikuwa refa, na nilikuwa refa mbaya kwa makusudi. Nilitoa penalti kwa faulo zilizotokea katikati ya uwanja. Nilikataa magoli kwa sababu mfungaji amevaa soksi vibaya. Nilimpa Zuhura kadi nyekundu kwa kupiga chafya. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote, na wasichana walisema hawajawahi kuniona nina furaha vile. Mwanzoni walikuwa wakipiga makofi huku wamekunja nyuso, maswali yao yamejaa sumu. "Mihogo imekauka?" "Imekauka kama moyo wa Mwalimu!" Nikawaacha. Baada ya wiki kadhaa sumu ikaisha yenyewe, kwa sababu ni vigumu kuulizwa habari za mbuzi wako ukaendelea kununa. Wakawa wanacheka, na wakicheka mabega yanashuka, na mabega yakishuka pasi zinafika. Hilo la mabega lichukueni kama mlivyolisikia, sijalisoma popote.

Jambo moja sikuliona wakati ule. Jumatano zote zile, mwenye filimbi ndiye aliyekuwa akidhulumu. Hakuna hata siku moja aliyodhulumiwa.

Mechi ya kurudia ile iliyovunjwa na Kibondo ilichezwa kule kule kwao, mwishoni mwa msimu. Lori lilijaa, na safari hii wazazi walikuwemo, Mama Perusi akiwa mbele kabisa na mwavuli wake mweusi ingawa hakukuwa na wingu. Nilijua amekuja kuangalia nini.

Kibondo walifunga mapema. Tukasawazisha kabla ya mapumziko, Perusi kwa mpira wa adhabu. Kipindi cha pili namba tisa yule yule alikanyaga mkono wa Zuhura wakati ameshaudaka mpira. Uwanja mzima ukasogea mbele kungoja. Zuhura akainuka, akatazama mkono wake, akamgeuzia namba tisa mgongo. Akapiga makofi matatu, huku nikiona unavyomuuma. "Mwidiwe!" Wakamjibu. "Dukani kwetu vitenge vipya vimefika?" akauliza, na beki mmoja akajibu, "Vimefika, ila mama yako kazidisha bei!" Kule kwa wazazi nilisikia Mama Zuhura akisema, "Muongo huyo!" Moyo wangu ulijaa.

Zilibaki dakika chache Perusi alipopokea mpira akiwa hajampita beki wa mwisho. Nasema hajampita, na nitasema hivyo hata kwenye kitanda changu cha mauti. Akamzunguka golikipa akafunga. Tulikuwa hewani tunashangilia tulipoona kibendera kimeinuliwa. Ameotea. Mshika kibendera alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kijana mwenye miwani ya jua, na kila kitu alichokuwa nacho kilinikera, kuanzia miwani.

Wasichana waligeuka kumtazama Perusi kwa ajili ya makofi. Perusi alikuwa ameshaanza kuinama. Mimi nilikuwa nimeshavuka mstari. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kile kibendera kiko mkononi mwangu, nakumbuka mti wake ulikuwa mwanzi, na nakumbuka mlio wake ulipovunjika kwenye goti langu. Vipande viwili. Nilivitupa miguuni pa yule kijana nikamwambia maneno ambayo mwalimu wa darasa la kwanza hatakiwi kuyajua.

Refa alikuja na kadi nyekundu. Nyuma yake walikuja wachezaji wa Kibondo, wote, na nyuma yao mashabiki wakaanza kuvuka mstari. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilitazama upande wa wazazi, mwavuli ulikuwa umefungwa.

Perusi hakuja kwangu. Aliwapeleka wenzake kwenye duara la katikati, mbali na mimi, na akasimama kati yao na wale wa Kibondo waliokuwa wanakuja. Akakunja magoti. Safari hii hakuwapigia wenzake, aliwapigia wapinzani. "Mwidiwe!" Aliyekuwa mbele yao alikuwa beki wao mkubwa, mama wa watoto wanne, Muha kama sisi. Alikuwa anakuja na ngumi, nayasema niliyoyaona. Alisimama. Alimtazama Perusi aliyeinama mbele yake akingoja jibu, na naapa niliona mikono yake ikifunguka kabla uso wake haujakubali. Akapiga makofi. "Mwidiwe."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama yako je?"

"Yule pale, mwenye mwavuli."

Yule beki akamgeukia Mama Perusi kule pembeni akampigia makofi na yeye. Mama Perusi, mbele ya watu wote wale, akaweka mwavuli chini akajibu. Wenzake wa Kibondo waliokuwa nyuma wakawa hawana tena mtu wa kumfuata. Mashabiki walisimama kwenye mstari, wamekosa la kufanya. Mimi nikatolewa nje ya uzio na mgambo, nikamalizia mechi nikichungulia kati ya mabega ya wauza miwa.

Tulifungwa mbili moja, dakika za nyongeza. Hakuna aliyemgusa mtu. Wakati wa kurudi waliimba toka Kibondo mpaka Kasulu, na mimi nilikaa nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba.

Kikao kilikuwa Jumapili, darasa lile lile. Mama Perusi aliweka karatasi mbele yangu. "Mwalimu, tusomee, sisi wengine macho yamechoka." Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe, wazi, herufi za duara. Perusi akasimama kutoka dawati la nyuma. "Mama, Mwalimu hakumpiga mtu."

"Kibendera kilijivunja?"

"Lakini yeye ndiye aliyetufundisha..."

"Najua. Na mmefaulu. Kaa chini, mwanangu."

Hakuna aliyetaka kulisema. Walikuwa watu waungwana, na mimi nilikuwa nimewafundisha kusoma nusu ya watoto wao. Basi nikalisema mwenyewe. Nilisema timu haijapigana, kwa hiyo timu inaendelea. Nilisema aliyeanzisha ugomvi ni mmoja, na mmoja huyo ameaga. Kisha nikalia, sitaficha, kwa aibu, na kwa furaha pia, maana niliona wale wasichana hawakuhitaji tena mtu mkali. Mama Perusi alisimama, akainama, akanipigia makofi ya shukrani. Sikujua nijibu kwa uso gani, lakini mikono ilijibu.

Miezi michache baadaye umri wangu wa kustaafu ualimu nao ulitimia, na kwenye sherehe wakasema mengi mazuri kuhusu ubao na chaki. Filimbi alikuwa nayo Perusi tayari, kocha na mchezaji kwa pamoja, Mzee Bukuru akimsaidia kwenye benchi.

Alhamisi moja Perusi alikuja nyumbani. "Mwalimu, Jumamosi tuna mechi hapa. Mama anasema uje."

"Mama yako kasema hivyo?"

"Kasema ukae katikati yake na Mama Zuhura. Yeye atashika mkono huu, mwenzake ule."

Nikaenda, na kweli walinishika. Nilitulia kama maji mtungini, hata pale beki alipomwangusha Perusi ndani ya boksi na refa akaonyesha kona. Perusi aliinuka, akawageukia wenzake, akainama. Nikasikia mkono wangu wa kulia unabanwa kwa nguvu, nikageuka kumwambia Mama Perusi asihofu, safari hii siendi popote.

Hakuwa ananizuia. Alikuwa anasimama, mwavuli mkononi, macho kwa refa. Mimi na Mama Zuhura ikabidi tumng'ang'anie yeye.